Maswali ya Wasomaji: Minazi ya Bikini Imezaa, Nazi Zake Haziliki

Katika toleo la mwezi uliopita tulichapisha makala fupi, pamoja na picha, kuhusu wanasayansi waliochunguza athari za mionzi katika visiwa vya Pasifiki baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia. Barua nyingi zimetufikia, na zilizo nyingi zimetoka kwa watu ambao maisha yao hayako mbali na ya wenyeji wa visiwa vile: wenye minazi, wavuvi, wapishi, wauguzi wa zahanati za pwani. Tumechagua tano, na hatukuzigawia nafasi sawasawa, kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito mmoja.

SWALI: Bwana Mhariri, assalamu alaikum. Niliona ile picha ya Bikini: mchanga mweupe, minazi imejipanga, maji ya buluu kama ya kwetu Diani. Mmeandika kwamba mgeni anaweza kutembea pale siku chache asidhurike, na papo hapo mkasema wenyeji hawawezi kurudi kuishi. Sikuelewa. Ikiwa kutembea hakuna neno, kuishi kumekuwaje hatari? (Mama wa watoto wanne, Likoni)

JIBU: Wa alaikumu salaam, mama. Swali hilo liliwashinda wataalamu kwa miaka mingi, na wakati walipokuwa wakilitafutia jibu, palikuwa na familia zilizokuwa zikila.

Tuanze na historia. Baina ya mwaka 1946 na 1958 Marekani ililipua mabomu 67 ya nyuklia katika visiwa vya Marshall, na 23 kati ya hayo yalilipuliwa Bikini. Wenyeji 167 wa Bikini walihamishwa mwezi Machi 1946, wakiambiwa kwamba kuondoka kwao ni kwa manufaa ya wanadamu wote. Walipelekwa Rongerik, ambako chakula kilikuwa haba hata njaa ikawadhoofisha vibaya, kisha wakapitishwa Kwajalein, na mwaka 1948 wakatuliwa Kili, kisiwa kilicho peke yake, kisichokuwa na maji tulivu ya ndani ya miamba ambamo wao na wazee wao walizoea kuvua.

Bikini ni atoli, yaani pete ya visiwa vidogo vya matumbawe iliyozunguka bahari iliyotulia. Udongo wake ni matumbawe yaliyosagika, kama mchanga unaoukuta ukichimba kisima karibu na ufuo, ila kule hata ukichimba hadi uchoke hukuti udongo mwekundu wala mfinyanzi. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Miongoni mwa mabaki ya mlipuko wa nyuklia mna kitu kiitwacho sesiamu-137, ambacho kwa tabia zake za kikemia kinafanana sana na potasiamu, na mmea hauwezi kuvitenga vizuri viwili hivi. Katika shamba lenye udongo wa mfinyanzi, sesiamu hunaswa na chembe za udongo ikabaki pale pale, na potasiamu huwapo ya kutosha mizizi. Katika mchanga wa matumbawe hakuna cha kuinasa, na potasiamu ni haba mno. Kwa hiyo mnazi wenye njaa ya potasiamu huivuta sesiamu na kuipandisha mpaka ndani ya dafu, ikakaa katika maji yake na katika nyama yake, na dafu likipevuka likawa koroma, kisha nazi, sesiamu imo vile vile. Mshelisheli hufanya hivyo hivyo. Na mkadi, ambao sisi tunaujua kwa maua yake yanayotiwa katika vikuba, kule Marshall matunda yake ni chakula cha kila siku, na nao hubeba sesiamu nyingi.

Mtu anayetembea ufuoni hupata mionzi inayotoka ardhini, akiondoka huiacha nyuma. Anayeishi pale anakunywa dafu asubuhi, mchana anakula kilichoungwa kwa tui, na jioni anakula shelisheli, na kila mlo unaongeza ndani ya mwili kile ambacho mwili unahitaji miezi kukitoa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mionzi ambayo mkaazi wa Bikini angeipata ingepitia kinywani.

Jambo hili lilijulikana kwa njia ya uchungu. Mwaka 1968 Rais Johnson wa Marekani alitangaza kwamba Bikini inafaa kurudiwa. Vifusi viliondolewa, minazi mipya ikapandwa kwa maelfu, nyumba zikajengwa, na katika miaka ya mwanzo ya sabini baadhi ya familia zikarudi. Wataalamu walikuwa wamepima ardhi kwa uangalifu, lakini makadirio yao ya vyakula vya pale ambavyo familia zingekula yalikuwa madogo mno. Sijui kama walimwuliza mwanamke yeyote anayepika. Katika nyumba ya pwani inayopika wali wa nazi, mbaazi za nazi na samaki wa kupaka, yeyote anayeshika mbuzi ya kukunia angewapa jibu lililo karibu zaidi na kweli. Ilipofika katikati ya miaka ya sabini minazi ile ikaanza kuzaa, na vipimo vya miili ya watu vikaanza kupanda. Mtu hukaa mbele ya mashine inayohesabu mionzi inayotoka mwilini mwake mwenyewe, na mwaka 1978 mashine ile ilionyesha kwamba sesiamu ndani ya watu wa Bikini imeongezeka kwa takriban asilimia 75 katika muda wa mwaka mmoja. Mwaka huo huo wakahamishwa mara ya pili.

Tangu hapo uchunguzi ulibadilika, na ninaona ulibadilika kuwa bora. Watafiti wa maabara ya Lawrence Livermore walifanya majaribio ya kilimo pale pale Bikini kwa miaka mingi, wakapima udongo kwa tabaka, wakachuma nazi za mti mmoja mmoja, wakazikausha na kuzisoma kwa mashine. Walipomwagia miti mbolea ya kloridi ya potasiamu, mbolea ambayo mkulima wa kawaida anaifahamu, kiasi cha sesiamu katika nazi kilishuka hadi kama sehemu moja ya kumi ya kilivyokuwa, au chini ya hapo, kwa sababu mti ulioshiba potasiamu hauna haja ya kuitafuta sesiamu. Njia nyingine ni kukwangua udongo wa juu na kuutupa. Lakini udongo huo wa juu ndio wenye mboji yote iliyojikusanya kwa karne nyingi, na ukiutupa umebaki na mchanga usiootesha kitu. Mwaka 1998 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilipotoa ripoti yake lilishauri watu wasirudi kuishi Bikini kwa kutegemea vyakula vya pale katika hali iliyokuwapo, na likaona njia ya kufaa ni mbolea ya potasiamu mashambani pamoja na kuondoa udongo penye nyumba peke yake.

Juu ya kutembea nako, mama, inafaa niongeze neno. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha vipimo vya mionzi inayotoka ardhini katika visiwa kadhaa vya Marshall. Katika Bikini wastani ulikuwa milirem (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 184 kwa mwaka, ilhali kiwango kilichokubaliwa baina ya Marekani na Marshall ni milirem 100, na hapo hata nazi moja haijahesabiwa. Mgeni wa siku chache hupata sehemu ndogo tu ya hizo, lakini mtoto anayelelewa pale angezipata zote.

SWALI: Maalim, sisi wavuvi tunasema bahari haina ukuta. Bomu likilipuliwa majini kule, samaki si wanaogelea? Na pono au jodari wa huko analika? (Mvuvi, Mji wa Kale)

JIBU: Bahari haina ukuta, bwana, na hilo lilithibitishwa na wavuvi kabla ya kuthibitishwa na maabara.

Tarehe 1 Machi 1954, wakati Marekani ilipolipua bomu la haidrojeni lililoitwa Bravo hapo Bikini, jahazi la Kijapani la kuvulia jodari, Daigo Fukuryu Maru, lilikuwa kazini nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Vumbi jeupe liliwaangukia mabaharia 23 juu ya sitaha, likaingia machoni na katika nywele, na jahazi likarudi bandari ya Yaizu likiwa na watu wagonjwa na samaki wenye mionzi. Mkuu wa mitambo ya mawasiliano, Kuboyama Aikichi, alifariki mwezi Septemba mwaka ule. Katika soko la Tsukiji, Tokyo, jodari walipangwa sakafuni, na wakaguzi wakawapitia mmoja mmoja na kipima mionzi mkononi. Samaki wa mamia ya tani wakatupwa. Wakuu wa Marekani walikuwa wakisema kwamba bahari ni kubwa, itayeyusha kila kitu upesi. Wanasayansi wa Japani hawakubishana kwa maneno: walipakia vyombo vyao katika meli Shunkotsu Maru, wakaenda wenyewe kuteka maji, na wakakuta mionzi ikichukuliwa na mkondo wa bahari kuelekea magharibi, mbali na Bikini, ikiwa ndani ya maji, ndani ya viumbe vidogo vinavyoelea, na ndani ya samaki.

Kabla ya hapo, tangu 1946, kundi la Lauren Donaldson kutoka Chuo Kikuu cha Washington lilikuwa likivua katika Bikini na Enewetak, atoli nyingine ya Marshall iliyolipuliwa mabomu, ili kuwapima samaki, na liliendelea kurudi huko hadi 1964. Njia mojawapo iliyotumiwa nyakati zile ilikuwa nyepesi, na kila nikiifikiria naona inaeleza kuliko kurasa kumi za hesabu. Samaki hupasuliwa kwa urefu, akakaushwa, akalazwa gizani juu ya filamu ya picha. Hakuna kamera wala taa. Penye mionzi, filamu huungua kwa mwanga wa samaki mwenyewe. Picha ya kangaja mmoja wa Bikini iliyopatikana hivyo inaonyesha umbo lote la samaki kwa ufifi, na tumboni pameng'aa vikali: ndipo ulipokuwa mwani alioula muda mfupi kabla ya kuvuliwa. Mwani umeyanyonya maji, kangaja amekula mwani, na mkubwa zaidi atamla kangaja. Tangu hapo hapakuwa na sababu ya mtu kusema kwamba kupima maji peke yake kunatosha.

Kuhusu kulika, jibu linategemea kitu gani unakila na sehemu gani yake. Sesiamu, inayoleta taabu kwenye nazi, haileti taabu kiasi hicho kwa samaki wa bahari, kwa kuwa maji ya bahari yana potasiamu tele na samaki hana njaa nayo. Ndiyo maana leo samaki wa maeneo yale huchangia mionzi kidogo sana katika chakula, ukilinganisha na nazi za pale pale. Makombe makubwa ni habari nyingine, kwa sababu figo zao zilikusanya kobalti-60, mojawapo ya mabaki ya mabomu yenye mionzi, kwa wingi. Kaa mkubwa apandaye minazi, ambaye hata katika kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja yupo, ana desturi ya kula gamba lake la zamani baada ya kulivua, na kwa hiyo strontiamu-90, nayo ni mabaki ya mabomu, iliyokuwa katika gamba hurudi katika gamba jipya. Watu wa Rongelap, atoli iliyo mashariki ya Bikini, walikatazwa kumla, naye alikuwa katika vyakula vyao wavipendavyo.

Plutoniamu, madini yenye mionzi yanayotiwa katika mabomu, nayo imezama katika matope ya chini ya bahari ya ndani ya atoli. Katika Enewetak, baina ya 1977 na 1980, askari wa Marekani walikusanya udongo uliochafuka wakautia katika shimo lililoachwa na bomu la mwaka 1958 kwenye kisiwa cha Runit, wakalifunika kwa kuba la zege; chini ya shimo hilo hawakutandika kitu, na maji ya bahari hupanda na kushuka humo kwa kadiri ya kujaa na kupwa. Wenyeji wana haki ya kuliogopa kuba lile. Hata hivyo plutoniamu iliyo katika matope ya nje ni nyingi kuliko iliyo ndani yake, na anayechunguza kuba peke yake ameacha sehemu kubwa ya jambo.

Matumbawe yenyewe yamerudi kwa namna ambayo haikutazamiwa. Shimo la Bravo lina upana wa kilomita mbili hivi, na wapiga mbizi wamekuta ndani yake matumbawe yaliyoota upya. Lakini watafiti walipolinganisha orodha ya kabla ya mabomu na hali ya miaka hamsini baadaye, walihesabu aina 28 ambazo wanaamini zimetoweka kabisa Bikini.

SWALI: Je, kuchemsha au kupika kwa moto mkali huondoa mionzi katika chakula? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Changamwe)

JIBU: Hapana, mwanangu. Moto huua vijidudu kwa sababu vijidudu vina uhai. Sesiamu haina uhai wa kuuawa. Ukichemsha na kumwaga maji, sehemu yake huweza kutoka na maji hayo, lakini haijaangamia. Kuosha husaidia pale ambapo vumbi limetua juu ya mboga au tunda, wala hakusaidii kwa kilichopanda kupitia mizizi. Kinachoimaliza mionzi yenyewe ni muda tu, na kila kitu kina muda wake: iodini-131 hupungua kwa nusu kila siku 8, sesiamu-137 kila miaka 30, na plutoniamu-239 kila miaka 24,100. Fanya hesabu ya sesiamu tangu 1954 uone ni nusu ngapi zimepita. Utagundua kwamba bado iko zaidi ya sehemu moja ya nane.

SWALI: Bwana Mhariri, mmetaja kwamba watoto wa Rongelap waliugua tezi ya shingo. Mimi hushughulika na akina mama na watoto, nikataka kujua kwa nini tezi, kwa nini watoto, na wale madaktari waliokuwa wakiwapima kila mwaka walikuwa wakiwatibu au wakiwatazama? (Muuguzi, Tudor)

JIBU: Dada, sehemu mbili za kwanza za swali lako zina jibu la kitabibu. La tatu nitalijibu kama ninavyoliona.

Bomu la Bravo lilitazamiwa kuwa na nguvu ya megatani 6 hivi (megatani moja ni nguvu ya tani milioni moja za baruti ya TNT). Likatoka na 15, kwa sababu aina moja ya lithiamu iliyodhaniwa kwamba haitafanya lolote iliingia katika mlipuko pamoja na ile nyingine. Lililipuliwa alfajiri. Rongelap iko mashariki ya Bikini kwa umbali unaozidi ule wa Mombasa na Malindi, na watu wa huko wameeleza mara nyingi kwamba walidhani jua linachomoza magharibi. Msomaji wa Kiislamu hahitaji kufafanuliwa jinsi sentensi hiyo inavyoingia moyoni. Saa chache baadaye matumbawe yaliyosagwa na bomu yakaanza kuwadondokea kama unga mweupe, kwenye vyombo, kwenye mapipa ya maji ya mvua, kwenye vichwa. Hakuna aliyekuwa amewaambia neno. Watoto walicheza nao. Kufika usiku watu walikuwa wakiwashwa ngozi na kutapika, na baada ya wiki mbili hivi nywele zikaanza kunyonyoka. Askari 28 wa Marekani waliokuwa Rongerik waliondolewa tarehe 2 Machi, na watu 64 waliokuwa Rongelap, pamoja na 18 waliokuwa Ailinginae, atoli jirani, waliondolewa tarehe 3.

Katika siku mbili hizo walikuwa wamekunywa na kula iodini yenye mionzi: ile iodini-131 na nyingine za muda mfupi zaidi zinazokwisha kwa saa au siku chache, lakini zenye ukali. Mwili hupeleka iodini kwenye tezi iliyo shingoni, ile ambayo ikivimba tunaiita rovu. Tezi ya mtoto ni ndogo, na kiasi kile kile cha iodini kikikusanyika mahali padogo huunguza zaidi. Tena kwa mtoto tezi hiyo ndiyo inayoongoza kukua. Baadhi ya watoto wa Rongelap walidumaa kabla ya mtu yeyote kutambua sababu. Mwaka 1963, miaka tisa baada ya bomu, vinundu vya kwanza vilionekana, na hatimaye wengi wa waliokuwa chini ya miaka kumi siku ile walivipata. Mwaka 1972 kijana aliyekuwa na mwaka mmoja wakati wa Bravo, mtoto wa aliyekuwa kiongozi wa kisiwa, John Anjain, alifariki kwa saratani ya damu.

Sasa sehemu ya tatu. Madaktari wa maabara ya Brookhaven ya Marekani walikuja kila mwaka. Waligundua vinundu, wakawapeleka watu Marekani kufanyiwa upasuaji, na tangu 1965 wakawapa vidonge vya homoni ya tezi. Hayo ni matibabu, na asiyeyataja anawadhulumu. Lakini ilikuwa siku chache tu baada ya Bravo uchunguzi ulipopewa jina la Mradi 4.1, na jina lake kamili lilitaja wazi kwamba ni uchunguzi wa jinsi miili ya binadamu inavyoitikia mionzi. Mwaka 1956 ofisa wa Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani alisema kikaoni kwamba ingefaa sana kuwapima watu wanaoishi mahali palipochafuka vile, na akaongeza kwamba watu hao, ingawa hawaishi kistaarabu kama watu wa Magharibi, wanafanana nasi kuliko panya wanavyofanana. Mwaka uliofuata watu wa Rongelap wakarudishwa kisiwani mwao, wakaishi pale na kula nazi za pale kwa miaka 28. Kamati iliyoundwa na Rais Clinton iliripoti mwaka 1995 kwamba haikuona ushahidi wa watu hao kuunguzwa kwa makusudi. Wamarshall wengi hawaikubali hukumu hiyo, na mimi, hata nikiikubali kwa habari ya siku ya Bravo, naona haijibu swali la hiyo miaka 28.

Kinachoniuma zaidi, dada, na nadhani muuguzi atanielewa, ni habari ya majibu ya vipimo. Watu walitolewa damu, wakachukuliwa mkojo, wakakalishwa mbele ya mashine, na wakalalamika kwa miaka kwamba hawaelezwi kwa lugha yao kilichoonekana. Wanawake walisimulia kuharibika kwa mimba na kuzaa watoto wasiofanana na watoto, na mara nyingi masimulizi yao hayakupewa uzito uliopewa namba za mashine. Mwaka 1985 walichoka kungoja, wakaomba meli Rainbow Warrior, ya shirika la mazingira la Greenpeace, iwahamishe, na zaidi ya watu 300 wakabomoa nyumba zao wenyewe na kupakia mbao wakaenda kisiwa cha Mejatto.

Namba za mashine nazo zinaweza kuficha. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikadiria mwaka 2010 kwamba kati ya saratani zote za watu walioishi Marshall nyakati za majaribio, kama asilimia 1.6 zimetokana na mabaki ya mabomu. Mtu akisoma hapo akafunga kitabu ataona ni jambo dogo. Lakini makadirio hayo hayo, kwa wale wachache waliokuwa Rongelap na Ailinginae siku ya Bravo, yanafika kama asilimia 55. Zote mbili ni namba za kweli, na anayetoa ya kwanza bila ya pili amewaondoa wagonjwa katika hesabu.

SWALI: Je, na pwani yetu? Tunasikia Mrima kuna mionzi, tukasikia habari za mtambo wa nyuklia Uyombo. Kuna anayetupima? (Mkaazi wa Mtwapa)

JIBU: Mabomu yaliyolipuliwa hewani kabla ya mkataba wa 1963 uliokataza majaribio ya hewani yalisambaza vumbi lake duniani kote, na Afrika haikusalimika, kwani Ufaransa ilianza majaribio yake katika jangwa la Algeria mwaka 1960, kabla ya kuhamia Moruroa na Fangataufa huko Pasifiki, ambako iliendelea mpaka Januari 1996. Kiasi kilichofika kwetu hakilinganishwi na cha Rongelap. Leo mtandao wa kimataifa wa kutambua majaribio ya nyuklia una kituo cha kupima chembe za mionzi hewani huko Dar es Salaam, na Kenya ina vituo vya kusikiliza mitetemo na sauti za mbali.

Mrima, katika Kaunti ya Kwale, ni habari tofauti kabisa. Mionzi yake ni ya asili, inatokana na thoriamu iliyo katika miamba, na ilikuwapo kabla ya binadamu. Haifai kuitisha watu kwa jina la Bikini. Hata hivyo funzo la Bikini kuhusu namna ya kupima linafaa Mrima vile vile, kwa sababu kipima mionzi kinachopitishwa juu ya ardhi kinaeleza habari za ardhi tu. Wanaokaa pale wanahitaji kupimiwa maji ya visima, mihogo na mboga za mashambani, na hewa ya ndani ya nyumba za udongo zenye madirisha madogo, maana thoriamu hutoa gesi inayoweza kujikusanya humo. Majibu yaje kijijini, yasomwe barazani kwa Kiswahili au Kidigo, na mwenye kisima ajue cha kisima chake.

Kuhusu Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi, kinu cha umeme hakilingani na bomu, na mradi ule uliopingwa na wakaazi una mambo yake ya ardhi na mazingira yasiyoenea hapa. Mimi naona ombi la kwanza la mkaazi yeyote, popote kinu kitakapopendekezwa, lingekuwa vipimo vya samaki, nazi, maji na afya za watu vifanywe na kuchapishwa kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, chini ya macho ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, na nakala ibaki kwa wakaazi wenyewe. Barua tatu zaidi kuhusu visima vya Mrima tumezipokea wakati ukurasa huu ukipangwa, na tutazijibu katika toleo lijalo.